Njaa Korea Kaskazini: Bei ya mahindi husema yasiyosemwa na serikali

MKULIMA akitaka kujua kama mwaka huu kutakuwa na upungufu wa chakula wilayani kwake, hasubiri ripoti. Hutazama shamba lake na la jirani, huuliza bei ya debe sokoni, na huangalia kama malori ya mahindi yanaingia au yanatoka. Lakini afanyeje mtu anayetaka kujua hali ya chakula ya watu wapatao milioni 26 katika nchi ambayo takwimu za mavuno ni siri, mgeni hatembei sokoni apendavyo, na raia anayepiga simu nje ya nchi bila kibali anaweza kuishia gerezani?

Nchi hiyo ni Korea Kaskazini. Karibu kila mwaka hutoka habari kwamba inakabiliwa na njaa, na karibu kila mwaka hutokea wachambuzi wengine wakasema hali si mbaya kiasi hicho. Mabishano hayo si ya wasomi peke yao. Dunia ikitangaza njaa mahali ambapo haipo, chakula cha msaada huondolewa kwa wenye shida kubwa zaidi kwingineko, na wahisani hupoteza imani. Ikinyamaza wakati njaa ipo kweli, watu hufa kimya kimya. Kosa la upande wowote hulipwa kwa maisha ya watu.

Katika makala haya tutaona jinsi hesabu hiyo inavyofanywa, wapi inapotosha, na kwa nini bei ya sokoni pamoja na hali ya mpakani hueleza zaidi kuliko makadirio ya mavuno.

Nchi ya milima na mgawo

Sehemu kubwa ya Korea Kaskazini ni milima. Ardhi inayolimika ni chini ya moja ya tano ya eneo lote, na majira ya baridi ni marefu na makali. Mpunga hulimwa zaidi katika tambarare za magharibi, mahindi karibu kila mahali, na viazi katika nyanda za juu za kaskazini. Ili ardhi hiyo ndogo ilishe watu wote, serikali ilijenga kilimo kinachotegemea mbolea nyingi za viwandani, pampu za umeme za kumwagilia na matrekta. Vyote hivyo vinahitaji mafuta, na nchi haina mafuta yake.

Mashamba yaliwekwa chini ya ushirika na dola. Serikali ilichukua mavuno, kisha ikawagawia watu wa mijini chakula kwa kadi. Mfanyakazi wa kawaida alistahili gramu 700 za nafaka kwa siku, wazee na watoto chini ya hapo. Mtu hakuwa na haja ya soko, na wala soko halikutakiwa.

Mwaka 1991 Muungano wa Kisovieti ulivunjika, na mafuta na mbolea za bei ya urafiki zikakoma. Mwaka huo huo serikali ilianzisha kampeni ya kuwahimiza wananchi kula milo miwili kwa siku. China nayo ilianza kudai malipo ya fedha taslimu, na mwaka 1994 ilipunguza sana mahindi iliyokuwa ikiyauza huko. Mgawo ukaanza kukatika katika mikoa ya kaskazini mashariki, yenye viwanda vingi na mashamba machache. Mafuriko makubwa ya Agosti 1995 yalikuja baada ya hayo yote. Serikali iliomba msaada wa dunia ikiyataja mafuriko kuwa ndiyo chanzo, lakini ukweli ni kwamba maji yalimkuta mgonjwa aliyekwisha kuwa kitandani. Mwaka 1996 mafuriko yalirudi, na mwaka 1997 ukaja ukame.

Hapo kuna funzo la kwanza. Aliyekuwa akitazama mvua peke yake alianza kuona tatizo mwaka 1995. Aliyekuwa akitazama mbolea, mafuta na biashara ya mpakani angeweza kuliona miaka minne kabla.

Wangapi walikufa?

Mpaka leo hakuna jibu moja. Mwaka 2001 serikali yenyewe ilitaja watu 220,000 kati ya 1995 na 1998. Shirika moja la Korea Kusini lililowahoji wakimbizi waliovukia China lilifikia zaidi ya milioni 3. Wataalamu wa idadi ya watu waliolinganisha sensa ya mwaka 1993 na ile ya 2008 walipata kati ya 240,000 na 420,000. Makadirio yanayotumiwa na wachumi wengi ni kati ya 600,000 na milioni 1, yaani watu 3 hadi 5 katika kila 100.

Tofauti hizo zinatokana na mahali ambapo kila mmoja alisimama. Wakimbizi wengi waliohojiwa walitoka mkoa wa Hamgyong Kaskazini, unaopakana na China na ulioumia kuliko karibu mikoa mingine yote. Ukichukua vifo vya mkoa huo ukavizidisha kwa nchi nzima, unapata idadi kubwa mno. Ni sawa na mtu kupima mavuno ya taifa kwa kutembelea kijiji kimoja kilichovamiwa na panya. Kwa upande wa pili, serikali iliyoficha maafa haiwezi kuachiwa iwe ndiyo pekee inayohesabu makaburi.

Hata mashirika yaliyokuwa ndani hayakuona kila kitu. Uchunguzi wa lishe wa mwaka 1998 ulikuta asilimia 62 ya watoto waliopimwa wamedumaa na asilimia 16 wamekonda kupita kiasi, lakini wilaya nyingi hazikufunguliwa kwa wapimaji. Mwaka huo huo Madaktari Wasio na Mipaka waliondoka nchini wakisema hawaruhusiwi kuwafikia wanaohitaji msaada zaidi.

Hesabu ya ghala na mitego yake

Njia inayotumika sana kukadiria upungufu ni mizania ya chakula. Unakadiria mavuno, unaongeza kitakachoagizwa kutoka nje, unatoa mahitaji ya watu, mbegu, malisho ya mifugo na kinachoharibika. Kinachopungua ndicho pengo. Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, na Mpango wa Chakula Duniani, WFP, wamefanya hesabu hiyo kwa Korea Kaskazini mara nyingi tangu 1995.

Mkulima yeyote anaweza kuiona mitego iliyomo. Wa kwanza ni mpunga na mchele. Kilo 100 za mpunga zikikobolewa hutoa kilo 65 hivi za mchele. Baadhi ya makadirio huhesabu mpunga, mengine huhesabu mchele. Msomaji asiyejua hilo atadhani mavuno yameporomoka, kumbe kilichobadilika ni kipimo tu.

Mtego wa pili ni ulaji wa mtu mmoja. Tuseme unakadiria kwamba kila mtu anahitaji kilo 175 za nafaka kwa mwaka, na mwenzako anasema kilo 160. Tofauti ya kilo 15 ni ndogo, haifiki hata debe moja. Izidishe kwa watu milioni 26, unapata tani 390,000. Hakuna mche uliokauka wala gunia lililoibwa, lakini pengo la taifa limeongezeka kwa karibu tani laki nne kwa sababu ya kalamu.

Mtego wa tatu ni upotevu baada ya mavuno. Katika mavuno ya tani milioni 5, ukisema hasara ni asilimia 15 badala ya 10, umeondoa tani 250,000 kwenye chakula cha watu. Hakuna mgeni aliyepata nafasi ya kupita ghala kwa ghala kuhakikisha kipi ni sahihi.

Wa nne ndio mgumu kuliko yote, nao ni binadamu. Ofisa wa shamba la ushirika anayetaka sifa huongeza takwimu. Mkulima anayejua kwamba sehemu kubwa ya mavuno itachukuliwa hupunguza, kisha huficha gunia mbili tatu kwa ajili ya watoto. Nafaka inayotoka kwenye vibustani vya nyumbani na vishamba vya miinuko ya milima, ambavyo vingine si halali, mara nyingi haiingii kikamilifu katika daftari lolote.

Satelaiti husaidia kidogo. Huonyesha mvua, mafuriko na ukijani wa mashamba. Lakini shamba la kijani si lazima liwe na punje, na satelaiti haioni mbolea iliyokosekana wakati mahindi yalipotakiwa kukuziwa. Mamlaka ya maendeleo ya kilimo ya Korea Kusini hutumia hali ya hewa, picha za angani na mashamba ya majaribio kutoa makadirio ya kila mwaka. Ilikadiria tani milioni 4.69 kwa mwaka 2021, milioni 4.51 kwa 2022 na milioni 4.82 kwa 2023. Takwimu hizo zinafaa kuonyesha kama mwaka huu ni afadhali kuliko mwaka jana. Hazifai kueleza ni nani aliyelala njaa.

Soko lililozaliwa na njaa

Mgawo ulipokatika, wananchi hawakukaa kungoja kifo. Akina mama walichukua sufuria, nguo na samani wakaenda kubadilishana na mahindi. Wengine walivuka mto kwenda China wakarudi na unga. Masoko yaliyokatazwa yakawa ndiyo njia ya kuishi. Mwaka 2003 serikali ilikubali yaliyokwisha kutokea, ikaruhusu masoko rasmi. Miaka ya karibuni watafiti wanaotumia picha za satelaiti wamehesabu masoko rasmi zaidi ya 400, na wanaouza humo wengi ni wanawake.

Tangu hapo kukawa na kipimo ambacho serikali haikukusudia kukitoa, yaani bei. Vyombo viwili vya habari, Daily NK cha Seoul na Asia Press cha Osaka, vina watu ndani ya nchi wanaotuma bei za mchele, mahindi na dola kwa simu zinazoshika mitandao ya China karibu na mpaka. Wanaofanya hivyo wanahatarisha maisha yao. Kwa njia hiyo tumeweza kujua kwa miaka mingi kilo ya mchele inauzwa won ngapi Pyongyang, Sinuiju na Hyesan.

Bei hizo zilithibitisha uzito wake Novemba 2009. Serikali ilibadilisha fedha ghafla, won 100 za zamani kwa 1 mpya, na kila kaya ikawekewa kikomo cha kubadilisha. Mwanzoni kilikuwa won 100,000 za zamani, ambazo kwa bei ya mitaani hazikufika dola 40. Akiba ya wachuuzi waliohangaika miaka mingi ikageuka karatasi. Masoko yakafungwa, wenye nafaka wakaificha, bei zikapaa. Hakukuwa na mafuriko wala ukame wiki hiyo. Chakula kilikuwapo ndani ya nchi, ila njia ya kutoka kwa mwenye nacho kwenda kwa asiye nacho ilikatwa. Baada ya miezi michache serikali ililazimika kuyaachia masoko yafunguliwe tena.

Takwimu zilipogongana

Mwaka 2019 mabishano yalifika kilele. Mwezi Mei, FAO na WFP walitoa ripoti baada ya kutembelea nchi hiyo. Walisema mavuno ya 2018/19 yalikuwa tani milioni 4.9, madogo kuliko yote tangu 2008/09, pengo likiwa tani milioni 1.36, na watu milioni 10.1, sawa na asilimia 40, hawana chakula cha kutosha. Mgawo ulikuwa umeshuka hadi gramu 300 kwa siku.

Lakini sokoni bei ya mchele haikupanda. Kilo moja ilikuwa kati ya won 4,000 na 5,000 hivi, kama ilivyokuwa kabla au chini kidogo. Mwenye akili ya biashara ataguna. Pengo la zaidi ya tani milioni lingewezaje kukosa kuonekana kwenye bei?

Yapo maelezo matatu, na kila moja lina uzito. La kwanza ni kwamba pengo lilikuzwa. Ripoti ilitegemea sana takwimu za serikali na ililenga wanaotegemea mgawo, wakati watu wengi walikuwa wakinunua sokoni. La pili ni kwamba chakula kiliingia bila kuandikwa, kwa magendo au kwa msaada wa China. La tatu ndilo linalopaswa kumwamsha mfanyabiashara: bei ya chini si lazima iwe dalili ya shibe. Baada ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa vya 2017 kupiga marufuku mauzo ya makaa ya mawe, samaki na nguo, mifuko ya watu ilipungua. Mnunuzi asiye na fedha hapandishi bei. Hutazama, humeza mate, huondoka.

Ndiyo maana wachambuzi makini hawaishii kwenye mchele. Hulinganisha na mahindi, ambayo ni chakula cha wanyonge. Bei ya mahindi ikianza kuikaribia ya mchele, maana yake watu wanakimbia mchele kwa sababu hawaumudu. Hutazama pia tofauti ya bei kati ya mji na mji. Ikiwa kubwa, basi mizigo haisafiri. Mwaka huo huo Korea Kusini ilijitolea kupeleka tani 50,000 za mchele kupitia WFP, na Pyongyang ikaukataa. Kukataa huko hakuthibitishi kwamba hakukuwa na njaa. Kunathibitisha tu kwamba anayekataa msaada na anayelala njaa si mtu mmoja.

Mpaka ulipofungwa

Mwishoni mwa Januari 2020, kwa hofu ya Korona, Korea Kaskazini ilifunga mipaka yake karibu kabisa. Biashara na China, mshirika wake mkuu, ilishuka kutoka takriban dola bilioni 2.8 mwaka 2019 hadi milioni 540 hivi mwaka 2020, na milioni 318 mwaka 2021. Pamoja na bidhaa nyingine, mbolea, dawa za mimea, vipuri na nailoni za vitaluni zilikwama. Mwezi Agosti 2020 walinzi walipewa amri ya kumpiga risasi yeyote anayeingia eneo la mpakani bila ruhusa, na ua mpya wa mamia ya kilomita ukajengwa. Mchuuzi mdogo wa magendo, ambaye kwa miaka 25 alikuwa ndiye bomba la kupitishia chakula, akaondolewa. Kati ya Agosti na Septemba vimbunga vitatu vikapiga mashamba.

Mwezi Juni 2021 Kim Jong Un mwenyewe alikiri mbele ya wakuu wa chama kwamba hali ya chakula inakuwa ngumu. FAO ilikadiria pengo la tani 860,000, chakula cha miezi miwili na kidogo. Bei za mchele na mahindi zilipanda na kushuka kwa fujo. Dola nayo ilishuka thamani mbele ya won, jambo ambalo kwingineko lingeitwa neema. Huko ilikuwa dalili ya ugonjwa, kwani hakuna anayetafuta dola wakati hakuna cha kuagiza.

Mapema mwaka 2023 serikali ya Korea Kusini ilisema watu walikuwa wakifa kwa njaa katika baadhi ya maeneo, na chama tawala kiliitisha mkutano maalumu wa kilimo. Hata hivyo, treni za mizigo zilikuwa zimeanza kuvuka mpaka tena, mchele ukaingia kutoka China, na mwaka huo biashara ya nchi hizo mbili ikarudi hadi dola bilioni 2.3 hivi. Hofu ya kurudi kwa maafa ya miaka ya 1990 ikapungua.

Ikapungua, lakini haikupimwa. Wafanyakazi wa mwisho wa kigeni wa Umoja wa Mataifa waliondoka Pyongyang Machi 2021. Uchunguzi mkubwa wa watoto uliotangazwa kwa nchi nzima ulikuwa wa 2017. Ulionyesha maendeleo ya kweli, udumavu ukiwa asilimia 19, lakini wa Pyongyang ulikuwa asilimia 10 na wa mkoa wa Ryanggang 32. Urusi, ambayo biashara yake na Pyongyang imekua tangu 2023, iliacha kutangaza takwimu za kina za forodha mwaka 2022. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2023 ilisema asilimia 45.5 ya Wakorea Kaskazini walikuwa na lishe pungufu kati ya 2020 na 2022. Takwimu hiyo ilitokana na fomula, si na watoto waliopandishwa kwenye mizani.

Lini iitwe baa la njaa?

Upungufu wa chakula si baa la njaa. Kipimo kinachotumika duniani leo ni mfumo wa IPC, ambao ulianza kutengenezwa mwaka 2004 kwa ajili ya Somalia, na kitengo cha FAO kilichokuwa na ofisi zake Nairobi. Ili eneo litangazwe kuwa na baa la njaa, angalau kaya 20 katika 100 ziwe zimekosa chakula kabisa, watoto 30 katika 100 wawe wamekonda kupita kiasi, na watu 2 katika kila 10,000 wawe wanakufa kila siku.

Hata Somalia, ambako wapimaji walifika baadhi ya maeneo, tangazo la Julai 2011 lilichelewa. Utafiti uliofuata ulikadiria vifo karibu 258,000, na takriban nusu vilitokea kabla ya tangazo. Korea Kaskazini hakuna anayeweza kuvipima vigezo hivyo vitatu. Kwa hiyo, kutotangazwa kwa baa la njaa huko hakumaanishi kwamba halipo, na neno hilo likitumiwa na mwanasiasa au gazeti lisichukuliwe kama kipimo.

La kutazama

Mtu anayetaka kupima habari ijayo kuhusu njaa Korea Kaskazini ajiulize maswali machache. Je, mbolea iliingia kabla ya Mei, wakati wa kupandikiza mpunga? Je, bei ya mahindi inaukaribia mchele? Je, bei za miji ya mpakani na za ndani zinaachana? Je, wachuuzi wanaruhusiwa kuuza nafaka, au serikali imerudi kutaka maduka yake yauze peke yake? Je, ni msimu gani? Machi hadi Juni, kabla ya shayiri na viazi vya mapema, ndiyo miezi ambayo ghala za kaya hukauka. Dalili moja ikijitokeza peke yake, subiri. Tatu zikijitokeza pamoja, hapo pana jambo, hata kama serikali inasherehekea mavuno.

Katika miaka hii zaidi ya 30, hali ilikuwa mbaya zaidi pale njia zilipozibwa kuliko pale mvua ilipokosekana peke yake. Mwaka mbaya wa mavuno huweza kuvukwa kama nafaka inaweza kununuliwa, kusafirishwa na kuuzwa. Mwaka wa kawaida huweza kuua kama mpaka umefungwa, fedha imefutwa na soko limepigwa kufuli. Yule mama wa sokoni Hyesan mwenye kipimo chake cha kilo moja hulisha watu, na bei anayoitaja asubuhi ndiyo taarifa ya chakula ambayo nchi yake haitaki kuichapisha. Akinyamazishwa, wananchi wanapoteza chakula, nasi tulio nje tunapoteza njia ya kujua kwamba wamekipoteza.